Binti yangu anaimba kwaya ya shule, baba yake hajui

Assalaam alaykum Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Goba, Dar es Salaam. Tulihamia huku kutoka Magomeni mara tu nyumba yetu ilipopauliwa, tukaingia na madirisha mengine bado ya mabati. Magomeni madrasa ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, watoto walikwenda wenyewe. Huku msikiti uko mbali kidogo, barabara ni ya vumbi, na taratibu mambo ya chuo yakalegea.

Binti yangu wa kwanza, nitamwita Z., alifaulu vizuri darasa la saba. Majirani wakanisifia shule ya sekondari ya Kanisa Katoliki iliyo maeneo yetu. Ni ya kutwa, ya mchanganyiko, mkuu wa shule ni padri na malezi ya wasichana yako chini ya Sista. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, anakuja nyumbani kila baada ya miezi. Alisita sana. Mwishowe alikubali kwa masharti mawili: mtoto asiingizwe kwenye dini yao, na asiwe na mazoea na wavulana.

Sasa Z. yuko kidato cha pili, ana miaka 15. Masomo yanakwenda vizuri, amechangamka, hata heshima nyumbani imeongezeka. Ila tangu mwaka jana anaimba kwaya ya shule. Mwalimu wa kwaya alimsikia akiimba wimbo wa Taifa mstarini, akamwita. Alirudi siku hiyo anaruka: "Mama, nimechaguliwa!" Mimi nilidhani ni nyimbo za shule tu, za mahafali na wageni. Kisha akaja na karatasi ya sare ya kwaya, kitenge cha kijani cha kushona gauni. Hela ya fundi nilitoa mimi, kwenye fedha zangu za kikoba. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo kwaya inayoimba kwenye Misa ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Gauni lile linakaa kabatini kwangu, chini ya mashuka. Baba yake akiwa nyumbani hatulitoi.

Nilimuuliza kama anapokea Komunyo. Akasema hapana, akanionyesha anavyofanya: wenzake wakipanga foleni na yeye hupanga, akifika mbele hukunja mikono kifuani, padri anambariki, anarudi kukaa. Mwalimu, badala ya kupoa nikazidi kuogopa.

Mwezi uliopita kulikuwa na siku ya wazazi, kwaya ikaimba, mtu akapiga picha na kuiweka kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Picha ikamfikia shemeji yangu. Akaja nyumbani na simu mkononi: "Shemeji, huyu si mtoto wa kaka?" Kaka yake anakuja likizo mwezi ujao, na amesema nisipomwambia mimi atamwambia yeye. Anataka Z. ahamishiwe shule ya Kiislamu ya bweni, ya wasichana watupu, mkoa mwingine. Anasema mchanganyiko hata Wakatoliki wenyewe hawautaki, ndiyo maana wana seminari za wavulana na shule za masista za wasichana. Na mimi, kukagua madaftari ya mtoto, nimekuta kikaratasi cha mvulana mmoja wa kwaya hiyo hiyo. Anamwomba wasome hesabu pamoja na kumwambia ana sauti nzuri. Sijamwambia mtu.

Z. amesikia habari za kuhamishwa, hata chakula hali vizuri. Mume wangu si mtu wa kupiga, ila akikasirika hunyamaza siku nyingi, na mimi ule ukimya siuwezi. Nimwambie vipi? Nimtoe kwaya kabla hajafika ili akute yameisha? Nimhamishe?

Mama Z., Goba

*

Waalaykum salaam Mama Z.,

Mwambie mume wako, na umwambie wiki hii. Usingoje afike, na usimwachie shemeji. Naanza na hili kwa sababu mengine yote, kwaya, padri, mvulana na kikaratasi chake, yanaweza kuzungumzwa na watu wazima wakafika mahali. Gauni chini ya mashuka halizungumziki. Siku atakayoliona mwenyewe, au kuonyeshwa picha na mdogo wake, hataona mtoto anayeimba. Ataona mkewe na bintiye walikuwa na jambo lao, na kwamba masharti aliyoyaweka yalivunjwa akiwa kazini anatafuta ada hiyo hiyo. Hapo hata ukweli mdogo utaonekana mkubwa.

Mpigie akiwa ametoka zamu na amepumzika, usimwandikie ujumbe. Anza na yako. Sema: "Baba Z., kuna jambo nimelificha na sikutakiwa kulificha. Mtoto anaimba kwaya ya shule, inaimba kwenye Misa. Hapokei Komunyo, hajabadili dini. Sare nilimshonea mimi. Nataka uje twende shuleni pamoja." Halafu nyamaza umsikilize. Usimtaje shemeji, usianze kumtetea mtoto kabla hajashtakiwa. Akinyamaza, mwache anyamaze akiwa Geita. Afadhali ukimya huo uishie kwenye simu kuliko uje kukaa nao sebuleni. Na umwambie pia kuhusu kikaratasi. Ukitoa siri moja ukabakiza nyingine, hujatoa kitu.

Wazo la kumtoa kwaya haraka ili baba akute yameisha, liache. Litamfundisha Z. kwamba jambo likileta shida linafukiwa, na mtoto wa miaka 15 hasahau somo hilo.

Sasa nizungumzie woga wenyewe, kwa sababu haukutoka hewani. Mimi ni Mwislamu na nimefundisha Kiswahili miaka mingi katika shule ya masista, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa pande zote mbili. Enzi za mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na shule ilikuwa mlango wa kanisa, wala hilo halikuwa siri. Wazee wetu wengi wa pwani waliwazuia watoto wao wasiende, na walikuwa na sababu, ingawa gharama yake tumeilipa vizazi kadhaa. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyefundisha shule ya misheni Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, alikuja kuongoza serikali iliyotaifisha shule hizo kwa Sheria ya Elimu ya 1969, ili mtoto wa dini yoyote apate kiti bila kuulizwa kitabu chake. Shule za Kanisa tunazoziona leo huku pembezoni mwa jiji, Goba, Mbezi, Tegeta na kwingineko, nyingi zimeota baadaye, milango ilipofunguliwa tena kwa shule binafsi. Zinafanya kazi katika nchi ambayo Katiba yake, Ibara ya 19, inasema imani ni hiari ya mtu.

Kanisa lenyewe nalo limeandika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulitoa tamko juu ya elimu tarehe 28 Oktoba 1965, na humo unazitaja kwa upendo shule za Kikatoliki zinazosomesha pia watoto wasio Wakatoliki. Mwaka huo huo, tarehe 7 Desemba, likatoka tamko la uhuru wa dini. Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 748, zinakataza kumlazimisha mtu yeyote kuingia imani hiyo kinyume cha dhamiri yake. Ubatizo wa mtu mwenye akili zake, na Z. ni mmoja wao, unapitia ukatekumeni, yaani mafundisho ya kumwandaa anayetaka kubatizwa, na lazima yeye mwenyewe atake. Hauji kwa kuteleza. Na Komunyo kwa kawaida ni ya Wakatoliki tu, ndiyo maana mwanao alikunja mikono. Ishara hiyo ndiyo wanayotumia wasiopokea, na padri akiiona anajua huyu ni wa baraka tu. Kilichokutia hofu ndicho kinachoonyesha kwamba mtoto anajua mpaka wake, na padri anaujua pia.

Lakini sitaki nikutulize kupita kiasi. Kumwambia Mungu maneno ya ibada ambayo dini yako haiyakubali ni jambo zito, hata kama sauti ni nzuri na nia ni safi. Nyimbo za Misa zina maneno kumhusu Yesu ambayo Mwislamu hayasemi. Mwenzako wa Kikatoliki naye asingependa binti yake aghani kaswida za kusifu imani asiyoiamini, na angekuwa na haki. Kwa hiyo mimi, kama mzazi, nisingemwacha aendelee na kwaya ya Misa. Kukaa kimya na kwa heshima wakati wenzake wanasali ni adabu. Kuongoza ibada yao kwa sauti ni kitu kingine. Hukumu ya dini mkaitafute kwa sheikh mnayemwamini, mkimweleza mambo kama yalivyo bila kuyatia chumvi ya shemeji.

Kabla hamjamtoa, mwulizeni yeye. Kaeni naye, baba akiwepo, na mumwulize anachokipenda pale ni nini. Anaweza kuwa anapenda muziki tu, maana kuna watoto ambao mtu akiwafundisha kushika sauti ya pili wanajisikia wamepewa mbawa. Anaweza kuwa anapenda kundi, kuwa mahali ambapo wanamhitaji saa za mazoezi. Na anaweza kuwa ana maswali ya imani. Kila moja lina jibu lake, na ukilijibu la tatu wakati shida ni la kwanza, utampoteza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni, lakini hata bila sheria, mtoto wa umri huo aliyesikilizwa huwa mwepesi kutii.

Kama ni muziki, shule ina nafasi nyingine. Mahafali ya kidato cha nne yana nyimbo zake, kuna ngonjera, kuna UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ambako fani za ndani zina nafasi yake. Mwombeni mwalimu wa kwaya amhamishie huko. Wengi hukubali, kwa sababu sauti kama hiyo hakuna anayetaka kuitupa.

Kama ni maswali ya imani, hapo ndipo nina neno nanyi wazazi. Umeandika kwamba mlipohama Magomeni mambo ya chuo "yakalegea". Nimelirudia neno hilo mara mbili. Z. anaondoka alfajiri, anarudi jioni, Jumamosi kuna vipindi, na mahali pekee ambapo mtu mzima anakaa naye akazungumza habari za Mungu ni shuleni kwa Sista. Shule haikumnyang'anya dini. Ilikuta kiti kitupu. Tafuteni ustadhi au ustadhati wa kumfundisha nyumbani Jumapili, yeye na wadogo zake, hata saa moja na nusu. Huko kwenu familia za Kiislamu hazikosekani, na mnaweza kuchangia posho ya mwalimu mmoja. Na baba akiwa nyumbani aswali na watoto, wamwone. Hili lina nguvu kuliko uhamisho wowote.

Sasa shuleni. Mwaka mmoja tulipokuwa tunapokea kidato cha kwanza, alikuja mzee mmoja wa Kiislamu na kanzu yake, fomu ya kujiunga mkononi, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kabla hajalipa hata senti alimwomba Sista mkuu dakika chache. Akauliza kama Misa ni lazima, na kama ni lazima mtoto atatakiwa kufanya nini akiwa humo. Akauliza kama Maarifa ya Biblia ni somo la wote. Akauliza binti yake ataswali wapi Adhuhuri, Ramadhani itakuwaje wakati wa chakula na michezo, na kama anaweza kuvaa mtandio. Sista hakuchukia hata kidogo. Alijibu moja moja: ataingia Misani na wenzake na kukaa kimya, Biblia asisome, chumba kipo, akifunga atasamehewa mbio, mtandio shuleni hapana ila wakati wa swala sawa. Mzee aliyaandika nyuma ya fomu, Sista akatia saini. Binti yule alimaliza kidato cha nne pale, na wala hatukuwahi kugombana na nyumbani kwao. Nyinyi mliweka masharti mezani kwenu, shule haikuyasikia. Mwalimu wa kwaya alisikia sauti nzuri akaichukua, na mama akalipa sare. Yeye angejuaje?

Nendeni wote wawili mume wako akifika. Ombeni kuonana na mkuu wa shule, na Sista awepo. Chukua nakala ya fomu ya kujiunga, isome upya usiku wa kuamkia, maana huenda mlisaini kitu kuhusu ibada bila kukisoma, na kama mlisaini ni vizuri mjue kabla ya kulalamika. Ulizeni yale ya yule mzee. Ongezeni na wastani wa kuvukia darasa, kwa sababu shule nyingi binafsi zina wastani wao, na serikali imewaonya zaidi ya mara moja kuhusu kuwatoa au kuwakaririsha watoto kwa hilo. Na mwambieni Sista waziwazi kwamba Z. ni Mwislamu na mnataka abaki Mwislamu. Sentensi hiyo haina matusi ndani yake.

Kuhusu mchanganyiko, shemeji yako hajakosea yote. Kweli Kanisa kwa muda mrefu liliwatenganisha, na Papa Pius XI katika barua yake ya elimu ya mwaka 1929 aliupinga mtindo wa kuwachanganya. Lakini mambo yalisogea. Loyola ya Wajesuiti pale Mabibo, iliyoanza 1995, inachukua wasichana na wavulana, na si peke yake. Huku pembezoni mchanganyiko una sababu ya kawaida kabisa: mzazi anataka kaka na dada wapande basi moja na walale nyumbani. Cha kuangalia ni usimamizi. Waalimu wako wapi saa ya mapumziko? Mazoezi ya jioni yanaisha saa ngapi na nani anabaki? Vyoo vya wasichana viko upande gani? Shule ya wasichana watupu isiyo na mtu wa kuwasikiliza si salama kuliko hii.

Kikaratasi chenyewe, kwa ulivyonieleza, ni cha mtoto wa shule. Hesabu na sifa ya sauti. Usimpelekee Sista, wala usimchape mtoto. Mrudishie Z. na umwambie umekiona, umwombe radhi kwa kupekua kama hakuwa amekupa sababu, kisha mzungumze mambo ya wavulana na mwili wake bila kumung'unya maneno. Wasome hesabu maktaba, wakiwa kundi, mchana. Mvulana akitaka zaidi ya hapo, utataka mwanao awe na mdomo wa kukuambia.

Uhamisho nauweka mwisho kwa makusudi. Mwaka huu ni wa upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, unaofanyika mwishoni mwa mwaka, na wanafunzi husajiliwa kwenye shule wanazosoma. Kumng'oa katikati ni kumsumbua yeye na kuwasumbua nyinyi kwa makaratasi, tena aende bweni mkoa mwingine akiwa ameshafikiri kwamba anaadhibiwa kwa kuimba. Shule nzuri za Kiislamu za wasichana zipo, na kama baada ya kuzungumza na mtoto na kufika shuleni mtaona bado mnaitaka, mwacheni amalize upimaji, mwende mkaitembelee naye akiwepo, aanze huko kidato cha tatu Januari. Shemeji yako mshukuru kwa kumpenda mtoto wa kaka yake, na umwambie baba yake ameshajua.

Gauni mpe Z. alirudishe kwa mwalimu wa kwaya mwenyewe, amweleze kwa heshima kwa nini anaacha kuimba Misani. Mwende naye, lakini aseme yeye.